Vibao vya duka vilivyochorwa kwa mkono: namna ya kuvipata, kuvisoma na kuvitunza

Kibao cha duka kilichoandikwa kwa brashi hakikutengenezwa kidumu. Kilipigwa rangi ya mafuta juu ya bati au hadibodi, kikagongelewa misumari juu ya mlango, kikaliwa na jua na mvua mpaka mwenye duka akaona haya. Hapo alimwita fundi akipake upya, au alikitupa uani. Siku hizi hata huyo fundi haitwi. Mtu anapita kwenye ofisi ya kuprinti, anatoka na fleksi yenye picha za kwenye intaneti, na kibao cha zamani kinaishia kuwa kiraka cha banda la kuku.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanza kuvikusanya. Nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, lakini mengi yatakufaa ukiwa Tanga, Unguja, Mombasa au Nairobi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kibao kisichojulikana kilitoka duka gani na kimeandikwa na nani ni bati lenye rangi tu. Na kibao ambacho bado kinamletea mtu wateja hakiguswi, labda mwenyewe apate kingine.

Hatua ya 1: Amua unakusanya nini

Ukisema utakusanya vyote, nyumba itakushinda ndani ya mwaka. Chagua fani moja au mtaa mmoja. Vya vinyozi ndivyo vinavyopendwa na kila mtu: vichwa viwili vinatazamana, nywele zimekatwa bapa juu kama walivyopenda vijana wa miaka ya 1990, katikati mashine ya kunyolea na waya wake umejikunja hadi pembeni. Kwa sababu vinapendwa, bei yake imepanda na vya kughushi vimejaa.

Mimi ningemshauri anayeanza atafute vya mafundi: fundi redio, fundi saa, fundi baiskeli, fundi cherehani, wachaji betri. Havigombaniwi, na mara nyingi mchoraji alijipa uhuru mkubwa zaidi. Redio ya kaseti iliyochorwa na vitufe vyake vyote, kila kimoja na kivuli chake, ni kazi ya mtu aliyekaa mbele ya redio hiyo akaitazama. Vipo pia vibao vidogo vya ndani ya duka, vile vya kukataza mkopo: "Leo pesa, kesho mkopo", au "Kukopa harusi, kulipa matanga". Hivyo ni vyepesi, vinaingia kwenye mkoba, na kwa kuwa vilikaa ndani rangi zake huwa bado nzima.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma kibao kabla ya kununua

Hapa ndipo pa kutulia. Mafundi wengi hawakuandika mwaka, kwa hiyo umri wa kibao unautafuta kwenye maneno na namba.

Anza na simu. Dar es Salaam ilitumia namba ya eneo 051 hadi mwisho wa miaka ya 1990, kisha ikaja 022. Mombasa ilikuwa 011 kabla ya kuwa 041, na Nairobi ilikuwa 02 kabla ya 020. Kwa simu za mkononi Tanzania, katikati ya miaka ya 2000 namba za 0744 ziligeuka 0754, na za 0748 zikawa 0784. Mabadiliko hayo yameacha alama ukizitazama kwa karibu: wengi hawakuandika namba upya, walimwita fundi afute tarakimu moja au mbili tu. Utaona mraba mdogo mweupe uliong'aa kuliko weupe unaouzunguka, na juu yake 5 ambayo haifanani mkono na tarakimu za jirani zake. Ukikuta hivyo, una kibao cha kabla ya mabadiliko kilichoendelea kufanya kazi baada yake.

Kisha tazama makampuni ya simu. Kibao kinachotaja Mobitel ni cha zamani kuliko kinachotaja Buzz, na Buzz ilitangulia Tigo, ambayo nayo tangu mwisho wa 2024 inaitwa Yas. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010, kwa hiyo kibao chenye neno Zain kimejitaja umri chenyewe. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Palipo na M-Pesa hapawezi kuwa pa kabla ya hapo, isipokuwa kama neno lenyewe limeongezwa baadaye kwenye nafasi iliyobaki chini. Na mara nyingi ndivyo ilivyo, angalia kama mwandiko ni mmoja.

Majina ya mitaa nayo husaidia. Independence Avenue ya Dar es Salaam ndiyo Samora Avenue ya leo. Nairobi, Government Road ndiyo Moi Avenue, na Victoria Street ndiyo Tom Mboya Street. Mombasa, Kilindini Road iligeuka Moi Avenue na Salim Road ikawa Digo Road. Vibao vyenye majina hayo ya kale ni nadra, na vingi vilivyobaki vimo ndani ya maduka ya familia moja ambayo hayajahama.

Hata aina ya biashara ina tarehe. "Duka la Dawa Baridi" ni maneno ya kabla ya mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kisha ukasambaa nchi nzima. Kuanzia hapo vibao vya dawa baridi vilianza kushushwa, mkoa baada ya mkoa.

Sasa chukua tochi. Iwashe ukiwa umeilaza pembeni ya kibao, mwanga uteleze juu ya uso wake. Bati lilikuwa ghali, kwa hiyo fundi alipaka juu ya maandishi ya zamani, na herufi za chini huinuka kama mshipa. Chini ya bucha unaweza kukuta fundi viatu, chini ya fundi viatu ukakuta nembo ya soda, maana kampuni za vinywaji ziligawa vibao vyenye nembo na kuacha nafasi ya jina la duka. Usijaribu kukwangua ili uone zaidi. Piga picha, inatosha.

Mwisho tazama mkono wa fundi. Mistari hafifu ya penseli au ya uzi wa chaki bado inaonekana chini ya herufi? Kivuli cha herufi kinaangukia upande mmoja kwa maneno yote? Na neno limetosha nafasi? Mimi napenda zaidi vile ambavyo halikutosha: "MGAHAWA" inayoanza kwa M pana ya kifahari, inapofika kwenye W inaanza kubanwa, na A ya mwisho imesimama wima imeshika ukingo. Mwenye duka alilipa hivyo hivyo, akakitundika, na wateja wakaja.

Hatua ya 3: Wapi pa kutafuta

Palipo na alama ya X nyekundu ukutani. Barabara ikipanuliwa, kama ilivyopanuliwa Morogoro Road kuanzia Kimara, maduka huvunjwa kwa haraka na kibao ndicho kitu cha mwisho kinachofikiriwa. Wenye duka wanaokoa shata, milango na mabati. Fika mapema, uliza kwa adabu, na usimsumbue mtu aliye katikati ya kuhamisha maisha yake. Acha namba yako, mpigie baadaye.

Wanunuzi wa chuma chakavu ni mlango wa pili. Zoeana na mmoja au wawili, waeleze unataka bati lenye maandishi, waambie utalipa zaidi ya bei ya kilo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kibao kinafika bila habari zake. Muulize kijana aliyekileta, si mwenye mzani: yeye anakumbuka alikiokota wapi.

Mlango wa tatu wengi wanausahau: mafundi wenyewe. Aliyeandika vibao miaka ishirini ana mabaki nyuma ya nyumba. Kuna kazi ambazo mteja hakurudi kulipia, mbao za majaribio ya herufi, na vibao vilivyokosewa jina. Tafuta sahihi pembeni chini, karibu na msumari. Mafundi waliandika jina la usanii na wakati mwingine mtaa. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Na usiwadharau. Chéri Samba, ambaye picha zake leo zimo kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya, alifika Kinshasa mwaka 1972 akajifunza kwa waandika vibao kabla ya kufungua karakana yake 1975. Joseph Bertiers wa Kenya naye alitokea kwenye vibao vya baa na bucha. Edward Saidi Tingatinga hakuwa mwandika vibao, lakini alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vitu vile vile vya mtaani: hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli.

Hatua ya 4: Mwendee mwenye kibao

Ukifika na gari na kusema "nauziwa hicho kibao?", utajibiwa kwa bei ya gari. Fika kwa miguu, nunua kitu, kaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Mzee, hicho kibao chako nakiona kila nikipita. Aliandika nani?"

"Hicho? Aliandika kijana mmoja wa hapo nyuma, alishahamia Mbagala. Unakitakia nini, kimeshachakaa."

Hapo umepata fununu ya fundi na mahali alipo kabla bei haijatajwa. Maongezi yafuate mkondo wake. Kuna watakaokucheka, kuna watakaodhani ndani yake mna madini. Eleza ukweli: unakusanya, unavihifadhi, na utaandika jina la duka lake. Ukidanganya kwamba unataka bati la kuzibia paa, mtaa utajua kabla hujafika nyumbani, na mzee wa duka la pili hatakukaribisha.

Kama duka bado linafanya kazi, njia ninayoiamini ni ya kubadilishana. Mtafute fundi wa brashi, ikiwezekana yule yule wa mwanzo, umlipe aandike kibao kipya kwa maneno atakayoyataka mwenye duka. Siku kipya kinapopanda ndiyo siku cha zamani kinashuka. Mzee anapata kibao kizuri bila kutoa senti, fundi anapata kazi, na wewe unapata chako pamoja na mashahidi wa historia yake. Gharama hiyo inakupa pia kipimo cha bei. Chini kabisa ni thamani ya chuma chakavu, na juu ni ujira wa kibao kipya na kitu kidogo cha heshima. Anayetaka zaidi ya hapo ana haki yake, nawe una haki ya kuaga.

Mkiafikiana, andikeni karatasi ndogo yenye tarehe, jina la duka, kiasi na sahihi mbili. Na hakikisha unayenunua kwake ndiye mwenyewe; mpangaji wa sasa anaweza kuwa amekikuta hapo.

Hatua ya 5: Kukishusha

Piga picha kwanza kikiwa juu: moja ya karibu, moja ya duka zima, moja ya mtaa. Ukishakishusha picha hizo hazipatikani tena.

Misumari yenye kutu usiing'oe kwa nguvu kutoka mbele, maana kichwa chake kitaondoka na rangi. Ingiza bapa ya chuma nyuma ya kibao, sukuma kidogo kidogo upande huu na ule, ukishindwa kata msumari kwa msumeno wa chuma kwa nyuma. Watu wawili, ngazi moja, na tandiko la kanga kuukuu chini. Hadibodi iliyolowa mvua ni dhaifu mno. Iache ikauke hapo hapo siku kadhaa kama mwenyewe anakuruhusu.

Hatua ya 6: Andika habari zake siku hiyo hiyo

Daftari la kawaida linatosha. Weka namba ya kibao, vipimo kwa sentimita, kimetengenezwa kwa nini, mahali kilipokuwa, kilitazama upande gani, jina la mwenye duka kama ameridhia liandikwe, jina la fundi, na lolote ulilosimuliwa. Namba iandike nyuma ya kibao kwa penseli au kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Kalamu ya wino mzito usitumie, hupenya.

Hatua ya 7: Kukisafisha, na mahali pa kuishia

Onyo la kwanza ni la afya. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na hakuna njia ya kujua kwa macho. Usipige msasa mkavu, usichome kwa moto, usikwangue. Vaa glavu na barakoa, fanyia kazi nje, mbali na watoto na vyombo vya chakula, na nawa mikono ukimaliza.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya kupakia rangi. Kibao cha bati chenye rangi ya mafuta kinaweza kuguswa na maji: maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pamba. Jaribu kwanza pembeni, kila rangi peke yake. Gusa nyekundu, subiri, tazama pamba. Ikiwa imetoka na wekundu, acha kabisa eneo hilo. Nyekundu ndiyo yenye matatizo mara nyingi. Nyeusi ya vivuli hukaa imara, ndiyo maana utakuta vibao ambavyo herufi zimepotea vikabaki vivuli vyake tu, na bado vinasomeka. Endelea kwa vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja, futa kwa pamba yenye maji matupu, kausha kwa kitambaa kabla ya kusogea.

Thina, petroli, tapentaini, jiki, sabuni ya unga na steluwaya: hapana. Rangi ya maji hailoweshwi hata kidogo, wala hadibodi, kwa sababu inavimba na haishuki tena.

Vibao vya pwani vina chumvi. Bati lililokaa miaka mingi karibu na bahari litaendelea kuota kutu hata likiwa sebuleni, kwa hiyo lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, kisha likauke kabisa kivulini. Kutu ya nyuma unaweza kuiondoa kwa brashi huku imeloweshwa kidogo ili vumbi lisiruke, ukapaka rangi ya kuzuia kutu upande huo tu. Ya mbele iache. Ni sehemu ya umri wake.

Rangi inayobanduka vipande vipande ni jambo jingine. Laza kibao chali, usikifute, usikipulizie varnishi ya dukani ukidhani utaigandisha: varnishi hugeuka manjano na kuiondoa ni balaa. Wahifadhi wa makumbusho wana gundi zao za kurudishia rangi ambazo zinaweza kutolewa tena baadaye; kama kibao ni cha thamani kwako, waone.

Na kupaka upya herufi zilizofifia? Nasema hapana, hata kama fundi wa mwanzo yupo hai na anajitolea. Mwombe akuandikie kingine.

Mbao na plaiwudi zikague kwa matundu madogo na unga laini unaodondoka. Kibao kidogo chenye wadudu kinaweza kufungwa vizuri kwenye nailoni na kuwekwa kwenye friza ya kugandisha wiki mbili. Ukikitoa, kiache kirudie joto la kawaida taratibu kikiwa bado kimefungwa, ili unyevu ukae nje ya nailoni. Mchwa dawa yake ni kutokiweka kibao sakafuni wala kukiegemeza ukuta wa udongo.

Hatua ya 8: Kuvitunza na kuvitundika

Vipange wima juu ya vipande vya mbao, kati ya kimoja na kingine weka kitambaa cha pamba. Usivifunge nailoni kwa muda mrefu, hasa pwani, kwani unyevu unafungiwa humo humo. Ukutani tumia matundu ya misumari yaliyopo, usitoboe mapya, na chagua ukuta usiopigwa na jua la dirishani. Cha bati kizito kiwekee kipande cha mbao chini kikibebe, matundu ya zamani yasibebe uzito wote.

Kujikinga na vya kughushi

Vibao vya vinyozi vya Ghana, Togo na Ivory Coast vilipopata soko kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, vilianza kuchorwa vya kuuzia wao tu, vingine vikazeeshwa makusudi. Kwetu hali hiyo ipo kwenye maduka ya vinyago. Kuvitambua si kazi ngumu. Kibao kilichofanya kazi kina matundu ya misumari yenye kutu, na kutu hiyo imetiririka kwenda chini. Sehemu ya juu iliyofunikwa na paa ina rangi kali kuliko ya chini. Nyuma kuna alama ya mbao kilizolala juu yake, kuna utando wa buibui, kuna vumbi lililoganda. Cha kughushi kimechakaa sawasawa pande zote, na mara nyingi kimeandikwa kichekesho cha Kiingereza kisicho na jina la mtu wala mtaa. Kama kimechorwa vizuri na unakipenda, kinunue kama picha, kwa bei ya picha.

Sheria, kwa kifupi

Vibao vya karne ya 20 kwa kawaida si malikale kisheria, lakini kitu ambacho kibao kimefungwa kwake kinaweza kuwa. Tanzania Bara, milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940 zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiuziwa kibao pamoja na fremu yake ya nakshi, usiiondoe bila kibali. Zanzibar na Kenya zina sheria zake, uliza mamlaka za mambo ya kale za huko kabla ya kusafirisha chochote nje ya nchi.

Kumbuka pia kwamba umenunua bati, hukununua haki ya mchoro. Hakimiliki Tanzania na Kenya hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kuchapa mchoro huo kwenye fulana au kalenda za kuuza, rudi Mbagala ukamtafute fundi, mkubaliane malipo, na jina lake liwepo kwenye kila fulana.